Jina Lililobaki Kwenye Rejista

Harufu ya pareto inayokaushwa huanzia puani ikaishia kooni. Si tamu wala si mbaya. Inakera tu, kama mtu anayekutekenya pua kwa unyasi na hataki kuacha. Ukiivuta asubuhi nzima midomo inakufa ganzi na kichwa kinakuwa kizito. Mimi nilikulia ndani ya harufu hiyo, juu huko upande wa Molo, mahali ambapo baridi haiulizi huu ni mwezi gani. Wanaokuja siku hizi kununua viazi na karoti hudhani wanaijua baridi ya Molo kwa sababu wamevaa sweta mbili. Wapi! Sisi tuliijua kwa miguu mitupu, saa kumi na mbili asubuhi, sakitu imelala juu ya majani kama chumvi iliyomwagika, na mama anatuambia tukikimbia hatutaisikia. Tulikimbia, na tuliisikia vilevile.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Baba yangu alikuwa msimamizi wa zizi la ng'ombe wa maziwa katika shamba la mzungu mmoja ambaye vibarua walimwita Bwana Makoti, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona amevaa koti moja. Mama alichuma pareto pamoja na wanawake wengine wa shamba, na watoto tulichuma pamoja na mama zetu. Kazi yenyewe haina ufundi wa kujivunia. Unalikata ua kwa kidole gumba na cha shahada, kichwa tu bila shina, unatupa kikapuni, unaendelea. Wiki mbili baadaye maua yamerudi palepale, meupe, yanakungoja, wala hayana habari kwamba umechoka. Mimi ndiye niliyekuwa kifungua mimba, nyuma yangu wavulana watatu, nami niliitwa Nyambura kwa sababu mama yake baba aliitwa Nyambura. Kwetu Wagikuyu jina la mtoto halichaguliwi kwa kupendeza masikio. Msichana wa kwanza ni nyanya mzaa baba, wa pili ni nyanya mzaa mama, na kila mtoto akijua kusema anajua pia yeye ni nani amerudi.

Shule ya shambani kwetu ilikuwa na vyumba viwili vya udongo na iliishia darasa la nne. Mwisho wa darasa la nne palikuwa na mtihani, na mtihani huo ulikuwa ungo. Wengi walipepetwa wakaanguka, na hakuna aliyewauliza tena habari za kitabu. Wachache waliobaki ndio waliokwenda shule ya kati, iliyokuwa mjini, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu ya mtoto. Mji huo nauita mji kwa heshima tu. Ulikuwa stesheni ya reli, maduka machache ya Wahindi, posta, na matope. Lakini shule ya kati ilikuwa na kuta za mbao, paa la bati, na madawati ya watu wawili wawili badala ya mawe na magogo. Walifundishwa huko kuanzia la tano mpaka la nane, asubuhi kitabu, alasiri jembe katika shamba la shule, na mwisho wa la nane mtihani wa kwenda juu. Shule kama hiyo ilipimwa kwa mambo mawili tu: ni watoto wangapi wameketi, na ni wangapi wamepita. Mengine yote yalikuwa mapambo.

Mwaka wetu tulipita watoto watano katika shamba zima, na wasichana tulikuwa wawili, Wairimu na mimi. Wairimu alikuwa jirani yetu. Baba yake ndiye aliyechoma kuni za kikaushio cha pareto, mtu mrefu, mkimya, mbishi kama punda akiamua. Mzee huyo aliposikia binti yake amepita alisema ataenda, basi, akarudi kwenye moto wake. Baba yangu naye aliisoma barua yangu, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. "Nyambura," akaniambia, "umefanya vizuri. Sasa mama yako anahitaji mikono." Huo ndio uliokuwa mjadala wote. Nililia siku mbili, ya tatu nikachuma pareto.

Wairimu hakunicheka. Wasichana wengine wangenicheka, na mimi nadhani ningemcheka yeye kama mambo yangekuwa kinyume. Jioni akitoka shule tulikwenda pamoja msituni kutafuta kuni, na njiani alinifundisha kila alichofundishwa mchana. Alikuwa na sauti ya kuamrisha, akijifanya mwalimu, na nikikosea alinirushia kijiti. Hesabu alizichora kwenye vumbi. Kitabu cha Kiingereza hakuruhusiwa kutoka nacho, kwa hiyo alikariri ukurasa mzima darasani, akaja kunikaririsha mimi nikiwa na mzigo wa kuni mgongoni na kamba imenibana paji la uso. Hivyo ndivyo nilivyosoma mwanzo wa darasa la tano, bila kukanyaga mlango wake. Mama alituona tukija huku tunabwabwaja Kiingereza akasema tutaangukia shimo siku moja. Tulicheka sana.

Kisha ikaja Hali ya Hatari. Sitaieleza, waliosoma wameieleza. Kwetu shambani ilikuja kwa sura ya mtu wa picha. Ilitangazwa kwamba kila Mgikuyu anayefanya kazi katika mashamba ya wazungu lazima apigwe picha ya kipande kipya, kitambulisho cha kazi, na asiyekubali atarudishwa kwao, hata kama hakujua kwao ni wapi. Wazee walibishana wiki nzima. Baba yangu alivaa shati lake la kanisani akaenda akapigwa picha. Baba yake Wairimu alisema uso wake haumo katika mkataba wa kuchoma kuni. Sikumlaumu yeyote wakati ule na simlaumu sasa. Mmoja alikuwa na watoto wanne na mwingine alikuwa na shingo ngumu, na yote mawili ni mizigo. Lori lilikuja asubuhi moja ya ukungu. Waliruhusiwa kubeba kile walichoweza kubeba. Wairimu alikuwa juu ya lori, ameshika kuku chini ya kwapa, na mimi nimesimama chini kwenye matope, tunatazamana kama wajinga. Lori lilipoanza kunguruma ndipo alipoinama akaniambia, "Nyambura, nenda kwa Mwalimu. Mwambie asifute jina langu. Nitarudi."

Nilikwenda. Jumamosi iliyofuata nilimtoroka mama nikaenda mpaka mjini, nikamkuta Mwalimu Hezekia, hedimasta, akipanda kabichi nyuma ya ofisi. Alikuwa mtu mwembamba mwenye baiskeli na vibanio vya suruali ambavyo hakuvivua hata akiwa kanisani. Nilimpa ujumbe. Aliniuliza mimi ni nani na nimejuaje kuzungumza naye kwa Kiingereza kile kidogo nilichomsalimia nacho. Nikamweleza habari za kuni. Akasema jina la Wairimu hatalifuta. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha kama mtu aliyepeleka dawa ikafika kwa mgonjwa.

Malori hayo hayakumchukua Wairimu peke yake. Shamba baada ya shamba yalipita, na madawati ya shule ya kati yakabaki na nafasi. Darasa la tano lilikuwa limejaa mwezi wa kwanza. Kufikia katikati ya mwaka ungeweza kulala kwenye dawati ukajinyoosha. Ndipo habari zikaja kwamba inspekta wa elimu atapita, na kwamba darasa lisilofikia hesabu litafungwa, na watoto waliosalia wapelekwe Nakuru wakipata nafasi, na wasipopata warudi kwenye pareto. Mwalimu Hezekia aliihangaikia shule ile miaka na miaka, aliomba mbao, aliomba bati, alipaua mwenyewe. Akaona itamfia mikononi kwa sababu ya hesabu. Kwa hiyo akapanda baiskeli yake akazunguka mashambani kuazima watoto.

Ndiyo, kuazima, kama watu wanavyoazimana sufuria siku ya arusi. Alitafuta kila mtoto aliyewahi kumaliza darasa la nne, akamwomba mzazi siku moja tu. Alikuja kwetu jioni, baba akampa kigoda na kikombe cha maziwa. "Baba Nyambura," alisema, "nisaidie mtoto siku moja. Aoge, aje, aketi, aitike jina nitakalompa, arudi nyumbani." Baba akasema siku moja si kitu, hata ng'ombe huazimwa siku moja. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango nikisikiliza. Jina nililopewa lilikuwa la Wairimu. Mwalimu aliona hilo ndilo rahisi, maana nilimjua mwenyewe na nisingelisahau.

Siku yenyewe ilikuwa vituko. Alikuwapo kijana mmoja aliyeanza kuota ndevu, ameketishwa darasa la tano magoti yakigonga dawati, akasahau jina aliloazimwa. Mwalimu aliliita mara tatu, mara ya tatu akaitika mwenzake ambaye alikuwa amekwisha kuitika jina jingine, na darasa zima likauma midomo lisicheke. Inspekta alikuwa mzee wa kizungu mwenye miguu myekundu na Kiswahili cha shambani. Alituhesabu kwa kalamu, kichwa kwa kichwa, kama anavyohesabiwa ng'ombe mnadani. Ilipofika zamu yangu Mwalimu akaita, "Wairimu!" nami nikasema, "Nipo!" Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

Labda ni sauti hiyo iliyomvuta. Inspekta aliniambia nisimame, akaniuliza, mistari arobaini ya pareto na wanawake wanane, kila mmoja atachuma mingapi. Nikasema mitano. Na watatu wakiugua? Nikasema minane, kabla hajafunga mdomo. Maskini, alidhani ananiuliza hesabu. Yale yalikuwa maisha yangu. Akanipa kitabu cha Kiingereza nisome, nami nikasoma ukurasa wa mwanzo bila kusita, ule ule niliokaririshwa chini ya mzigo wa kuni, na kila neno nililisikia kwa sauti ya Wairimu akiniamrisha. Inspekta akamgeukia Mwalimu Hezekia. "Huyu msichana asikose mtihani wa la nane," akasema. "Nitauliza habari zake." Akaliandika jina kwenye kitabu chake kidogo, na Mwalimu akamtajia herufi moja moja. Darasa halikufungwa.

Baada ya siku mbili Mwalimu alirudi kwetu, safari hii hakunywa maziwa. Alisema inspekta ataniulizia, na akiniulizia nisiwepo, shule imekwisha na yeye mwenyewe amekwisha. Lazima nije kila siku, na lazima nije kwa jina lile. Baba alikuna kichwa. Sasa haikuwa siku moja, ilikuwa miaka minne, na mikono ya pareto itatoka wapi? Lakini alikuwa amesikia mjini namna watu walivyonisifu, na sifa ni tamu hata kwa msimamizi wa ng'ombe. Mama ndiye aliyekataa. Mama hakujua kusoma na hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku ile aliweka mwiko chini. "Huyu ni mama mkwe wangu," alisema akininyooshea kidole. "Mnampeleka wapi? Na yule mwenye jina akirudi mtamwambia nini? Nguo ya kuazima haisitiri matako." Baba akasema jina hilo ni la shuleni tu, kama yunifomu, nikifika nyumbani navua. Mimi je? Nilitaka shule. Kama wangeniambia niitwe Ng'ombe ningeitika.

Nikawa Wairimu kuanzia asubuhi mpaka alasiri, na Nyambura kuanzia jioni. Mwaka wa kwanza nilijikwaa mara kwa mara. Wa pili sikujikwaa tena, na huo ndio mwaka ninaouogopa nikiukumbuka. Nilijiambia ninamshikia mwenzangu nafasi. Nilisema hivyo hata katika sala. Shule nayo ilipona. Familia nyingine zililetwa mashambani kushika kazi za waliohamishwa, Wakisii, Waluhya, Wakipsigis, na watoto wao wakafanya mtihani wa la nne wakapita, madawati yakajaa kihalali. Wale wa kuazima wakarudi kwao mmoja mmoja, yule wa ndevu akaoa. Matokeo ya la nane yalianza kuwa mazuri, mji ukaanza kujisifu, na watu wa Nakuru wakaanza kuleta watoto wao huku kwenye matope yetu. Mwalimu Hezekia aliota mvi lakini alitembea ameinua kichwa. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani, au wa pili nikiwa nimeugua.

Nilikuwa darasa la nane Bwana Makoti alipochoka na watu waliounguza pareto yake, akaandika barua kwa wakubwa akaomba arudishiwe mchoma kuni wake wa zamani. Hawakurudi wengi, lakini familia ya Wairimu ilirudi. Nilisikia habari hizo jioni, mama akinitazama usoni. Sikulala vizuri. Wiki hiyo hiyo majina ya watakaofanya mtihani yalikuwa yakiandikwa yapelekwe Nairobi.

Asubuhi ya Jumatatu niliitwa ofisini. Wairimu alikuwa amesimama mbele ya meza ya Mwalimu. Alikuwa amekuwa mrefu, amekonda, amevaa gauni lililofuliwa mpaka rangi ikaisha, na mkononi ameshika karatasi ya kusafiria iliyokunjwakunjwa. Aliponiona alitabasamu. Huko walikotoka hapakuwa na shule kwa muda mrefu, palikuwa na handaki la kuchimba na uji wa kupanga foleni, lakini alikuwa amesikia kwamba jina lake halikufutwa, na amekuja. Mwalimu Hezekia alifungua rejista, akaielekeza kwake, akapitisha kidole. Siku baada ya siku, miaka mitatu na zaidi, Wairimu yupo, yupo, yupo. Hakuna mtoto aliyehudhuria kumshinda. "Jina hili lina mtu," Mwalimu akasema polepole, wala hakuinua macho. Wairimu hakuelewa. Alicheka kidogo, akasema, "Lina mimi." Ndipo Mwalimu akanigeukia, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananiomba au ananiamuru. "Wewe," akasema, "unaitwa nani?"

Nilijua jibu. Nilijua majibu yote mawili. Niliona mtihani, niliona chuo, niliona pareto mistari arobaini, na nikasema, "Wairimu."

Hakulia. Afadhali angelia. Aliniangalia tu, na lile tabasamu likaondoka taratibu, kama mtu anayevua kitu akakiweka chini. Mwalimu akaanza kusema harakaharaka kwamba hajakataa kumsaidia, kwamba anaweza kumwandika darasa la tano, kwa sababu kuna msichana aliyepita mtihani wa la nne zamani na hakuja, aitwaye Nyambura, na nafasi hiyo inaweza kutafutwa. Jina langu, jina la nyanya yangu, alilitoa pale mezani kama sahani ya ziada. Mimi sikuulizwa. Wairimu akasema, "Mwalimu, mimi si Nyambura. Nyambura ndiye huyu." Akaikunja karatasi yake, akatoka. Asiyekuwapo na lake halipo, watu husema, na Mwalimu aliniambia hivyo baada ya mlango kufungwa, labda kunifariji. Lakini alikuwapo. Alikuwa amesimama pale pale.

Likizo ilipofika tulikutana mistarini. Alichuma upesi sana, kwa mikono miwili, kikapu chake kinajaa changu hakijafunika chini. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha. Yeye ndiye aliyeanza. Akaniuliza, bila kugeuka, "Siku hizi mnasoma nini?" Mtu aliyenikaririsha kitabu kizima njiani akanirushia vijiti. Ningeweza kumwambia. Ningeweza kuchora kwenye vumbi, vumbi lilikuwapo. Nikasema, "Ah, ni mambo mengi," nikasonga mstari mwingine. Katika yote niliyofanya nadhani hilo ndilo baya zaidi, na hakuna rejista iliyolinakili.

Matokeo yalibandikwa kwenye ubao nje ya ofisi, na jina la juu kabisa lilikuwa Wairimu. Siku ya soko waliojua kusoma walikuwa wamekwisha kulisoma. Wanawake walimzunguka mama yake Wairimu pale penye viazi, wakampigia vigelegele, wakamshika mikono, hongera Mama Wairimu, umetuletea heshima. Mama yangu alikuwapo, ndiye aliyenisimulia. Alisema yule mama alisimama na kikapu chake akatazama huku na huku, kisha kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu na hakujua la kusema, akasema asante. Mama hakunisemesha siku nne.

Mengine ni ya kawaida. Nilikwenda sekondari ya wasichana, nikaenda chuo, nikawa mwalimu, nikafundisha Nakuru na vitongoji vyake mpaka nikastaafu. Kila karatasi iliniita Wairimu, kwa hiyo kitambulisho kikaniita Wairimu, na mume wangu akanioa Wairimu. Jina la yunifomu lilinishika mwilini. Wazazi wangu walipofariki hakubaki mtu wa kuniita Nyambura, isipokuwa ndugu zangu, nao huniita dada. Baada ya Uhuru familia ya Wairimu ilipata kishamba upande wa Kabazi, na huko nikasikia aliolewa. Kabazi si mbali, nimepita karibu mara nyingi, sikushuka. Miaka kumi na miwili iliyopita nilisoma tangazo la kifo nikamtambua kwa jina la baba yake. Sikwenda mazishini. Siku za mwizi ni arobaini, wanasema. Mimi nimepewa miaka zaidi ya sitini na hakuna aliyekuja kunikamata, na hilo linachosha kuliko kukamatwa.

Siku hizi hakuna ungo tena. Watoto wote wanavuka, na kile tulichokiita shule ya kati kimerudi kwa jina jipya, kimepewa uzio na maabara nusu, na shule zinabembeleza watoto kama wenye vibanda wanavyobembeleza wateja. Mjukuu wangu yuko gredi ya saba. Anaondoka na viatu, sweta na chakula ndani ya mkebe, na bado analalamika kwamba ni mbali, dakika kumi. Simkaripii. Huyo ni msichana wa kwanza wa mwanangu wa kwanza, kwa hiyo kwa desturi yetu yeye ni mimi, na mwanangu alipokwenda kumwandikisha alichukua kitambulisho changu akanakili jina lililokuwa pale. Anaitwa Wairimu.

Wiki jana alikuja na kazi ya shule, wanataka mti wa familia, kila mtu na aliyeitiwa jina. Alikaa miguuni pangu na kalamu ya rangi. "Shosho, mimi ni wewe, hiyo najua. Na wewe ulipewa jina la nani?" Nimeulizwa maswali mengi darasani kwa miaka zaidi ya thelathini, na hilo ndilo lililonishinda kulikwepa. Labda nilikuwa nimechoka tu. Nikamwambia ni la msichana mmoja tuliyepita naye mtihani wa darasa la nne. Akakunja uso, akasema tichaa anataka watu wa familia. Nikamwambia aandike hivyo hivyo. Akauliza kama huyo Wairimu alikuwa mwerevu. Nikasema ndiye aliyenifundisha. "Kwani alisoma mpaka wapi?"

"Kwenye karatasi," nikamwambia, "alisoma mpaka akawa mwalimu."

Akaandika: mwalimu.